Kasuku na Neno la Ukutani

Mchana ule mkalimani alitoka mahakamani magoti yakimgongana. Alivaa blauzi ya rangi ya maziwa iliyopigwa pasi ikanyooka, na sketi nyeusi ya kazini. Mtu akimwona kwa mbali angesema huyu dada mambo yake safi. Kumbe blauzi kwa ndani imelowa jasho, na jasho lenyewe si la jua.

Kisa ni kazi yake. Mkalimani wa mahakama hasemi "shahidi anasema alimwona." La. Shahidi akisema "nilimwona," mkalimani naye anasema "nilimwona." Ndiyo kanuni. Anaazimisha mdomo wake, "mimi" ya mtu mwingine inapita humo, basi. Asubuhi hiyo shahidi alikuwa mama mmoja wa Kichina mwenye duka la taa, sauti yake ndogo kama ya mgonjwa, na mkalimani akaitoa kwa Kiswahili kilichonyooka mpaka waliokaa nyuma kabisa wakasikia: "Mimi nilimwona kwa macho yangu akimwaga petroli mlangoni." Mshtakiwa, mwanamume mwenye shingo nene aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Nyundo, wala hakumgeukia mama wa taa. Alimkazia macho mkalimani. Askari walipokuwa wanamrudisha rumande akapita karibu naye, akainama kidogo.

"Wewe uliyeniona," alisema polepole, "na wewe utaona."

Sasa angemwambiaje kwamba yeye hakuona chochote? Kwamba siku duka linachomwa alikuwa nyumbani anafua mashuka? Akakusanya karatasi zake, akatoka.

Barabara ya mahakama mchana ni vurugu tupu: mikokoteni, honi, wauza soksi, mashine za fotokopi zinanguruma hadi vibarazani. Mkalimani alipenya humo akigeuka nyuma kila hatua chache. Katika kugeuka huko akakaribia kugonga ngazi iliyosimamishwa mbele ya nyumba ya wageni. Akainua macho. Juu kulikuwa na kijana mwenye kofia ya kitambaa na shati lililojaa madoa ya rangi zote, anamalizia bango jipya. Kiswahili upande mmoja, Kichina upande wa pili.

Mkalimani akasoma Kichina kile. Akasoma tena. Kicheko kikamtoka peke yake, kikubwa, cha aibu, cha mtu aliyekuwa karibu kulia.

"Dada, unacheka nini?" kijana aliuliza kutoka juu. "Suruali imechanika?"

"Suruali nzima. Ni bango lako."

"Bango langu lina nini? Limenitoa jasho siku mbili hilo."

"Unajua umeandika nini hapo kwa Kichina?"

"Karibuni wageni."

"Nani kakwambia?"

"Mwenye nyumba. Kaniletea boksi, kasema chora hizi, zina bahati."

"Boksi la nini?"

Kijana akakuna kichwa kwa mpini wa brashi. "La vikombe."

"Umeandika: Kinavunjika haraka. Usigeuze juu chini. Weka mbali na unyevu."

Kijana akaangua kicheko, na ngazi nayo ikaanza kutikisika hadi mkalimani akalazimika kuishika kwa mikono miwili.

"Basi si uongo sana," alisema akifuta machozi. "Nyumba yenyewe mvua ikinyesha inavuja. Lakini dada, wewe Kichina umekitoa wapi?"

"Mimi mkalimani. Pale mahakamani."

"Yaani kazi yako ni kusema maneno ya watu?"

"Ndiyo. Ya watu."

"Kama kasuku!"

Angekuwa mwingine angetukanwa siku hiyo. Lakini alilisema kwa uso mweupe kabisa, bila dharau, na mkalimani akajikuta bado ameshika ngazi ingawa ilishatulia zamani. Na magoti yalikuwa hayagongani tena.

Ndivyo walivyoanza, Kasuku na Brashi. Brashi ndilo jina alilopewa mchoraji na mafundi wenzake, na Kasuku likabaki la huyu, la simuni na la faraghani.

Simu sasa! Asubuhi kabla hajapiga mswaki: "Kasuku wangu, umelalaje?" Mchana wa mapumziko: "Umekula? Usinidanganye, nasikia tumbo linanguruma." Jioni wanakaa kwenye baraza la karakana yake, katikati ya makopo ya rangi na harufu ya tapentaini, Kasuku akivua viatu vya kazini na kuweka miguu yake juu ya gudulia lililopinduliwa, Brashi akichora na kuuliza maswali kama mtoto.

"Niambie la leo."

"La leo? Kuna lugha jana na kesho ni neno moja."

"Acha bwana!"

"Haki ya nani."

"Sasa mtu akisema deni kalilipa jana, au atalilipa kesho, na neno ni lile lile, wanajuaje kama keshafanya au bado?"

"Mara nyingi sentensi yenyewe inaonyesha. Ikishindikana, wanamuuliza mwenyewe."

Brashi alicheka. "Lugha ya watu wenye subira hiyo."

Yeye naye alikuwa na chake. Kichina alikuwa anachora tu bila kusoma, lakini herufi za Kiarabu alizijua hasa, maana bibi yake mzaa mama aliandikia hizo Kiswahili chake chote: vitu vya sokoni, siku za kuzaliwa, umbeya wa majirani. Akataka kumfundisha Kasuku. "Lugha zote hizo unazo, na hizi zikupite?" Jioni moja akamshikisha chaki, akamwekea mkono juu ya mkono.

"Hii ni nuni. Hii kafu. Hii wau. Sasa hapa sikiliza vizuri, Kasuku, maana hapa ndipo watu wote wanapojikwaa. Hii wau..."

Simu ya Kasuku ikalia. Ilikuwa mahakama: kesi ya Nyundo imepangiwa siku ya hukumu. Akasikiliza, akajibu ndiyo, ndiyo, akakata, akawa amepauka.

"Nini?" Brashi aliuliza.

"Kazi tu."

Hakumwambia. Tangu siku ile ya ngazi hakuwa amemwambia hata neno moja juu ya Nyundo, na msinilaumie binti wa watu. Karakana ile ndiyo ilikuwa mahali pekee ambapo hofu ilikuwa haijapajua. Angeitaja humo, ingekuja kukaa nao kwenye makopo. Somo likaishia pale, kwenye wau.

Na lilikuwapo jingine alilokuwa halisemi. Brashi alimwambia "nakupenda" kila siku ya Mungu. Yeye alimjibu kwa Kichina, kwa Kifaransa, kwa Kireno, kwa lugha za watu wa mbali wanaoandika kuanzia juu kwenda chini.

"Na kwa Kiswahili?" Brashi anauliza.

"Kiswahili kigumu."

"Kasuku wewe! Unasema ya watu wote, yako yanakukwama."

Alikuwa akicheka, lakini kicheko kilikuwa na swali ndani yake, na Kasuku alilisikia.

Nyundo akafungwa. Mkalimani aliitafsiri hukumu kwa mama wa taa, na alipotoka nje akamkuta kijana mmoja mwembamba mwenye miwani myeusi ameegemea nguzo ng'ambo ya barabara. Kijana yule akagusa jicho lake kwa kidole, akamnyooshea yeye. Kisha akaondoka zake taratibu, kama mtu aliyekuja kusalimia.

Toka hapo mkalimani akawa mtu wa kuchungulia. Anachungulia kabla ya kufungua mlango, anachungulia chini ya kitanda, anaruka kikombe kikigonga sahani. Ofisini kila mtu alijua. Askari wa zamu walijua. Brashi pekee ndiye aliyeona mpenzi wake anakonda na kudhani ni uchovu wa kazi.

Wiki iliyofuata akatumwa mji mwingine kutafsiri kesi ya siku nne. Ikaisha mapema, akarudi siku moja kabla, jioni, mvua imetoka kunyesha. Akapanda ngazi za ghorofa lake, akaingia chumbani, akafungua dirisha hewa iingie.

Ng'ambo ya uchochoro, kwenye ukuta mrefu wa duka la vyombo, ukuta uliokuwa mweupe siku alipoondoka, kulikuwa na mstari mmoja wa maandishi makubwa kuliko mtu. Herufi za Kiarabu. Nyekundu. Mvua ilikuwa imeyalowesha yakachuruzika hadi chini.

Alishika fremu ya dirisha. Akaanza kuunga herufi moja moja kwa zile chache alizofundishwa na nyingine alizojitafutia mwenyewe. Nuni: ni. Ta. Kafu: ku. Kisha wau, na wau nyingine, na alifu mwishoni.

Ni-ta-ku-u-a.

Akajiambia hapana, mimi mwanafunzi wa juzi, ninajua nini. Akapiga picha, akamtumia mwenzake wa ofisini, mzee aliyekalimani Kiarabu kwa maisha yake yote, ambaye wote walimwita Kamusi. Simu ikarudi kabla hajakaa.

"Binti yangu, uko wapi?"

"Nyumbani, mzee."

"Toka hapo sasa hivi. Hicho ni Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na kimeandikwa 'nitakuua'. Herufi kwa herufi. Umenisikia? Toka!"

Akatoka bila kufunga dirisha. Kwenye ngazi akakutana na mlinzi wa jengo, akamshika shati. "Nani kaandika ule ukuta? Umemwona?"

"Ah, dada, si yule rafiki yako," mlinzi alijibu akitabasamu. "Yule wa rangi. Kashinda hapo jana mchana kutwa. Anaimba kabisa."

Polisi alikopitia, afande mmoja wa kike mwenye miwani mikubwa na sauti ya kukwaruza aliandika yote, kisha akaweka kalamu chini.

"Huyo Brashi tunamjua. Ndiye aliyechora bango la gereji ya Nyundo. Mlikutana wapi naye?"

"Barabarani. Nilikuwa natoka mahakamani, siku ile ile ya... siku niliyotishwa."

"Siku ile ile," afande alirudia. "Nje ya mahakama. Na ukakutana naye kwa bahati tu."

Kila kitu kikawa kinajigeuza kichwani mwake: ngazi ilikuwa imewekwa pale makusudi, kicheko kilikuwa cha kumzoesha, maswali yote ya "niambie la leo" yalikuwa ya kumchunguza. Kilichomtisha zaidi si kufa. Ni kwamba mikono ile ile iliyomshikisha chaki ndiyo imeandika vile, na mwenyewe anaimba.

Akahamia kwa shangazi yake, mkunga mstaafu, mwanamke wa mikono mikubwa aliyekwisha kuwazalisha nusu ya watu wa mtaa na haogopi yeyote aliyepata kumwona uchi. Shangazi akafunga milango yote, akasogeza kabati, akalala na mchi wa kutwangia kando ya mto.

Asubuhi simu ikaita. Brashi. Shangazi akafanya ishara: pokea, weka sauti nje.

"Kasuku wangu! Nimepita kwako, mlinzi ananiambia umesharudi jana na umetoka mbio. Kweli?"

"Kweli."

"Basi umeona ukutani."

"Nimeona."

"Lo! Umeniharibia, mpenzi. Nilitaka ukute nimeshamaliza."

Shangazi akajishika kifua. Mkalimani akajikaza. "Umalize... nini?"

"Kazi! Ile nyekundu ni mwanzo tu, bado sijamalizia. Lakini umeisoma? Umeisoma mwenyewe?"

"Nimeisoma."

"Na umeelewa?"

"Nimeelewa. Nimekukosea nini mimi?"

Brashi akacheka, kicheko kile kile cha juu ya ngazi. "Umeninyima usingizi, ndilo kosa lako. Toka siku ya kwanza nilipokuona nikajua, huyu ndiye, simwachi."

"Nani mwingine anajua?"

"Wajomba zangu wote wawili. Na mama. Mama kafurahi mpaka kalia."

"Mama yako kafurahi?"

"Anasema nimechelewa! Sasa sikiliza, Jumamosi asubuhi tunakuja kwa shangazi yako."

"Shangazi yangu hana kosa lolote!"

"Najua, roho yangu. Lakini ndiye mkubwa wako, lazima tuanze na yeye."

Shangazi akaikwapua simu akaikata mwenyewe. Wakatazamana. Huko upande wa pili Brashi alibaki ameshika simu, akitabasamu, akiwaambia mafundi wenzake kwamba aibu za mtoto wa kike hizo.

Jumamosi ikafika. Afande aliingia kwa mlango wa uani na askari wawili waliovaa kiraia, wakajibana jikoni. Mkalimani aliketishwa sebuleni, gauni la bluu la mikono mirefu, kitambaa kichwani, mikono imefumbatwa mapajani. Alitakiwa kufanya jambo moja tu: mtu huyo akitamka tishio, atikise kichwa.

Wakabisha hodi. Shangazi akafungua, mchi nyuma ya mgongo.

Brashi aliingia wa kwanza, na moyo wa mkalimani, mpumbavu ule, ukaruka kabla hofu haijaukamata. Hakuwa na hata doa la rangi. Suti ya kijivu, viatu vinang'aa, nywele zimechongwa. Nyuma yake wajomba wawili wenye vitambi, waliokaza makoti yasiyofungika. Mmoja amebeba kitu kirefu kama mkono, kimeviringishwa gazeti.

"Hodi ya heri, dada yangu," alianza mjomba mkubwa, akikohoa. "Sisi hatuna maneno mengi. Kijana wetu ameshaandika alichoandika. Binti ameshasoma. Sisi tumekuja kutekeleza."

"Weka hicho chini!" afande alinguruma kutoka jikoni, na askari wakafumuka. Meza ikapinduka. Mjomba mdogo akalala kifudifudi mwenyewe bila kuambiwa. Brashi alibanwa ukutani, shavu limekandamizwa kwenye kalenda, pingu zikalia.

"Jamani!" mjomba mkubwa alipiga kelele mikono juu. "Tangu lini kuoa kumekuwa jinai?"

Askari aliyeshika pingu akageuka.

"Kufanya nini?" Shangazi aliuliza, mchi umesimama hewani.

"Kuoa!"

"Sema tena. Polepole."

"Ku-o-a! Kijana kaandika 'nitakuoa', ukuta mzima, dunia inaona, sasa mnatufunga pingu?"

Macho yote yakamgeukia mkalimani. Naye alikuwa anamtazama Brashi, ambaye shavu lake bado lilikuwa kwenye kalenda.

"Wewe uliisoma vipi?" Brashi aliuliza kwa sauti ndogo.

Hakuweza kulitamka. Afande ndiye aliyelitamka kwa niaba yake, na safari hii mkalimani akawa yeye ndiye anayesemewa. "Nitakuua."

Brashi alifumba macho. "Wau," alisema. "Ni ile wau. Bibi yangu hakuwa na alama ya o na ya u, zote aliandika sawa, ukisoma unachagua mwenyewe. Nilikuwa nakueleza siku ile simu yako ikalia."

"Mzee Kamusi naye amesoma hivyo hivyo!" mkalimani alisema, machozi yanamtoka.

"Huyo Kamusi anasoma Kiarabu. Kiarabu hakina o."

"Na rangi nyekundu?"

"Dhahabu haikai vizuri ukutani bila nyekundu chini yake. Nilikuwa niirudie kwa dhahabu siku iliyofuata. Mvua ikaniwahi."

"Na gereji ya Nyundo?" afande akaingilia, bado hajakubali.

"Afande, mimi nachora mabango. Hata la kituo chenu nimelichora mimi."

Afande akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akafungua pingu. Mjomba mdogo pale chini akauliza kama anaruhusiwa kuinuka. Shangazi alikuwa ameketi kwenye mkono wa kiti, anacheka bila sauti, mabega yanamruka. "Mume wangu mimi aliandika 'oa'," alisema, "kwa herufi za kawaida, nikasoma vizuri kabisa, na bado alikaribia kuniua kwa usumbufu."

Hakuna aliyecheka naye. Brashi alikuwa anasugua vifundo vya mikono. Alimtazama Kasuku wake, na uso ule uliokuwa mweupe siku zote ulikuwa umefunga.

"Nyundo sikujua. Hukuniambia. Sawa. Lakini miezi yote hii, Kasuku. Ukaona neno linasomeka namna mbili, ukajua limeandikwa na mimi, na ukachagua lile."

"Sikujua kama linasomeka namna mbili!"

"Hukuniuliza."

Akatoka. Wajomba wakamfuata, wakisahau kile kitu kirefu sakafuni. Shangazi alipofungua gazeti wakakuta kibao cha mlangoni, mbao laini iliyopigwa vanishi, herufi za dhahabu: Hapa Wanakaa Kasuku na Brashi Wake. Mkalimani akakipakata, akalia hadi blauzi ya shangazi ikalowa.

Hofu ya kufa ikaisha. Afande alimletea habari kwamba Nyundo kahamishiwa gereza la mbali, na yule kijana wa miwani myeusi kaonywa mpaka kahama mtaa. Lakini hofu iliyobaki ilikuwa mbaya kuliko ile, maana hii haikuwa na polisi wa kuiripotia. Brashi hakupokea simu. Karakana imefungwa. Kila asubuhi Kasuku aliamka akisubiri "umelalaje," na simu imelala kimya kama jiwe.

"Si umfuate?" Shangazi alimwambia. "Unaogopa nini, pingu?"

"Nitamwambia nini?"

"Mtoto ana lugha sijui ngapi, ananiuliza atasema nini!"

Akarudi kwake. Akafungua dirisha. Ukuta ulikuwa vile vile, nyekundu, umechuruzika. Akalisoma tena, sasa akijua, akashangaa jinsi lilivyokuwa zuri. Herufi zilikuwa zimekaa kwa upole, mkia wa mwisho umepindwa kama mtu anayepunga mkono. Hakuna mtu anayetishia kwa mwandiko ule. Angemtazama mwandishi badala ya wau, angejua.

Mwenye duka la vyombo alikuwa amechoka na ukuta wake. Alimwambia Kasuku kwamba mchoraji kaahidi kuja Jumatatu kuufuta wote na kuandika tangazo la masufuria.

Jumatatu alfajiri, kabla maduka hayajafunguliwa, Kasuku aliazima ngazi ya mlinzi na kopo la rangi. Akavaa gauni kuukuu, akapanda, na chini ya neno la Brashi akaandika la kwake. Herufi zake zilikuwa za mtoto wa darasa la kwanza, moja nene, moja imeanguka. Alikuwa bado juu aliposikia mtu chini.

"Dada, nani kakuruhusu kuchafua ukuta wangu wa kazi?"

Hakugeuka. Alishika ngazi kwa nguvu. "Nimeandika. Isome."

Brashi aliweka makopo yake chini. Alikuwa na kofia ile ile ya kitambaa, macho yamevimba kwa kukosa usingizi. Akasoma. Akainamisha kichwa upande. Kwanza midomo ilikaza, kisha ikamshinda, kicheko kikamtoka, kikubwa, mpaka muuza soksi wa kwanza wa siku hiyo akasimama kutazama.

"Unacheka nini?" Kasuku aliuliza.

"Umeandika nipinde."

"Nimeandika nini?"

"Ni-pi-nde. Kama waya. Au labda..." Kicheko kikapungua kidogo kidogo. "Bibi yangu hakuwa na alama ya e na i pia. Inaweza kusomeka hivyo, na inaweza kusomeka vingine."

"Basi chagua."

"Sichagui," alisema Brashi. Akaja akaishika ngazi kwa mikono miwili, maana ilikuwa inatikisika. "Namuuliza mwenyewe. Mwandishi, ulimaanisha nini?"

Kasuku akageuka. Barabara ilikuwa inaanza kujaa, mikokoteni, honi, watu wanaoangalia juu. Alikuwa amesema "mimi" maelfu ya mara mbele ya mahakimu, na hata moja haikuwa yake.

"Mimi," alianza, sauti ikakatika. Akaanza tena. "Mimi nakupenda. Mimi nilikosa kukuuliza. Mimi naogopa sana, hata sasa hivi, hapa juu. Na mimi nakubali ulichoandika."

"Anayesema hayo ni nani?"

"Ni mimi."

"Mimi ipi?"

"Ya kwangu, Brashi! Ya kwangu mwenyewe! Nishushe sasa, ngazi inayumba."

"Kinavunjika haraka," alisema Brashi, akimpokea kiunoni. "Usigeuze juu chini."

Mwenye duka alipofika na kuuliza masufuria yake yako wapi, aliwakuta wamebanana juu ya ngazi, rangi imewajaa hadi usoni, Brashi amemshikisha brashi na mkono wake uko juu ya mkono wa Kasuku, wanarudia neno la kwanza kwa dhahabu. Na juu ya wau, mahali ambapo bibi yake hakupata kuweka kitu, Brashi alikuwa amechora duara dogo kabisa, la mviringo, ili asije mtu mwingine akaogopa.